Hija ya Namugongo: maswali ninayoulizwa kila mwaka na majibu yake

Kila ikifika Aprili simu yangu haipumziki. Wanapiga kutoka Bukoba, Kisumu, Eldoret, Goma, hata Dar es Salaam: "Dada, tunakuja Juni, tupe maelekezo." Mimi ni mtu wa Kagera niliyeolewa huku Kampala. Nyumba yetu iko Kireka, karibu na barabara ya kwenda Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda, na imegeuka kituo cha mahujaji bila mtu kupanga. Maswali ni yale yale, nimeamua kuyaandika. Ukinipigia tena kuniuliza maji ya ziwani hubebwa kwenye nini, nitajua hukusoma.

Namugongo pana nini hasa?

Kama unatarajia mlima au pango, utakuta mji mdogo wa maduka ya mabati, boda boda na wakaanga chapati, kama kilomita 15 kaskazini mashariki ya katikati ya Kampala. Halafu, nyuma ya ukuta, basilika. Aliyeichora ni Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi. Alichukua umbo la nyumba ya msonge, ile ambayo paa lake la nyasi linashuka hadi chini, akalisimamisha juu ya nguzo 22 za shaba, nguzo moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Mhaya akiiona hahitaji kuelezwa: ni mushonge wa bibi yake, ila umekua. Iliwekwa wakfu tarehe 3 Juni 1975, na altare yake iko mahali alipochomwa moto Karoli Lwanga.

Upande wa chini kuna ziwa la kuchimbwa, na ndani ya ziwa kisiwa chenye altare iliyoezekwa. Misa ya sikukuu husomwa pale, watu wameketi mtelemkoni wakitazama maji. Ukiwa nyuma kabisa utamwona askofu mdogo kama punje ya mchele, lakini sauti itakufikia.

Mashahidi wenyewe walikuwa akina nani?

Wengi walikuwa vijana watumishi wa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Tusianzie kwenye moto, tuanzie safarini. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mababa Weupe, walishuka kwenye mtumbwi Kigungu, karibu na Entebbe. Msafara wao ulianzia Bagamoyo, ukapita Tabora, ukafika ufukwe wa kusini wa ziwa. Waganda waliwasikia wenzake wakimwita Lourdel "mon père", nao wakamwita Mapeera. Sisi wa Kiswahili tukisikia jina hilo tunafikiria matunda, na mtoto wangu mdogo aliwahi kuuliza kama huyo padre alikuwa anauza mapera. Waanglikana walikuwa wametangulia, mwaka 1877.

Walioanza kujifunza dini waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mpaka leo Mganda anaweza kutumia neno okusoma akimaanisha kwenda kusali. Siku ya kwanza jirani yangu aliponiambia Jumapili "naenda kusoma" nilidhani anasomea cheti.

Kabaka Mutesa wa Kwanza alifariki 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana mbichi, akiwa na hofu ya wageni kutoka mashariki. Oktoba 1885 Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri yake. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa ikulu na Mkatoliki, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Juu ya hilo alikuwa akiwalinda vijana wadogo ambao Mwanga aliwataka kimwili. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya Wakatoliki.

Nafasi yake ikachukuliwa na Karoli Lwanga. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, wakiwa Munyonyo na wakijua asubuhi italeta nini, Lwanga aliwabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wakijiandaa kwa ubatizo. Mmoja wao alikuwa Kizito, wa miaka 14 hivi. Kulipokucha wakaulizwa nani ni msomaji, wakajitenga upande mmoja. Wakafungwa, wakaswagwa kwenda Namugongo, wengine wakauawa njiani. Waliofika walikaa wamefungwa kwa siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana, wakachomwa.

Kuna mmoja ambaye huwa simalizi kumsimulia bila kunyamaza kidogo: Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukaajanga, alikuwa amemlea kama mwanawe. Alimbembeleza akane, hata aseme tu kwamba ameacha, wamfiche. Kijana akakataa. Inasimuliwa kwamba Mukaajanga aliamuru apigwe shingoni kwanza, ili moto umkute amekwisha kufa. Ndiyo huruma aliyoweza kumpa.

Jumla yao, kuanzia 1885 hadi 1887, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wakatoliki walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Baba Mtakatifu Paulo VI, ambaye siku hiyo hakusahau kuwataja na wenzao Waanglikana.

Kwetu tuna Subukia, tuna Pugu. Kwa nini nivuke mpaka?

Swali hili nalipenda, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida ameshaamua kuja na anataka tu sababu ya kumwambia mume.

Subukia ya Kenya nenda, Pugu ya Tanzania nenda. Mimi ninavyoona, kinachovuta watu Namugongo ni ukaribu. Tulizoea watakatifu wenye nywele za dhahabu kwenye picha za Komunyo ya kwanza. Hapa unakuta mtakatifu anaitwa Lwanga, na aliyekuuzia nyanya asubuhi naye ni ukoo wa akina Lwanga. Mtakatifu Matia Kalemba alikuwa mtu mzima mwenye familia na cheo. Andrea Kaggwa alikuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka. Kizito alikuwa na umri wa mwanangu wa pili, yule anayehitaji kuambiwa mara tatu akaoge. Unavuka mpaka, unagongewa muhuri, unabadilisha hela, kisha unajikuta umefika kwa watu wa nyumbani.

Halafu kuna suala la kutumwa. Anayekuja hija huku haji peke yake. Mwaka mmoja mama wa Muleba alinionyesha karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa kwa jasho la begani. Jumuiya yake nzima ilikuwa imeandika nia: jina, na mbele ya jina neno moja au mawili. "Mguu." "Kesi ya shamba." "Mtoto Oman." Alizisoma zote ufukweni mwa lile ziwa, taratibu, akaruka moja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hiyo ni yangu, naiweka mwisho."

Si bora nidunduize niende Lourdes au Roma?

Ukiwa na nauli ya ndege na viza, nenda na utuletee rozari. Kwa hela hiyo, lakini, unaweza kuleta Namugongo familia yako na nusu ya kwaya. Bernadette wa Lourdes alikuwa na miaka 14 Bikira Maria alipomtokea mwaka 1858, umri ule ule wa Kizito. Mimi hupenda kufikiri kwamba hao wawili wanafahamiana.

Nije tarehe 3 Juni au siku nyingine?

Inategemea unatafuta nini, na hapa nitasema ukweli hata kama nitapoteza wageni.

Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa Uganda. Umati ni mkubwa kiasi kwamba ukiinua mkono kujipangusa jasho, kuushusha ni kazi. Foleni ya ukaguzi mlangoni huanza usiku. Wengi hulala humo humo ndani siku kadhaa kabla, juu ya mikeka, wakiimba hadi alfajiri. Kila mwaka jimbo fulani hupewa kuongoza ibada, kwa hiyo nyimbo na ngoma hubadilika. Utasikia Kiacholi mwaka huu, mwaka mwingine Kinyankole. Ukitaka kujua maana ya neno Kanisa bila kufungua kitabu, kaa katikati ya watu hao wakati wa "Baba Yetu", kila mtu kwa lugha yake, na sauti zinamaliza kwa pamoja bila mtu kuzipanga.

Ila kusali peke yako, hapana, siku hiyo hutaweza. Anayetaka kukaa kimya mbele ya altare, kuungama bila kusukumwa, kuzitazama sura za mashahidi moja moja, aje Jumanne ya kawaida mwezi wa Septemba. Basilika inakuwa na watu kumi, na mfagiaji mmoja. Mimi mwenyewe machozi yangu yote ya Namugongo yametoka siku za namna hiyo.

Ni lazima nitembee kwa miguu?

Hapana. Wengi wanakuja kwa basi na hija yao ni hija.

Wanaotembea wana ibada yao ya pekee. Wapo wanaotoka Kenya hadi Busia au Malaba, na kutoka Busia bado kuna kama kilomita 200 kufika Kampala. Wetu wa Kagera wanaingilia Mutukula, wanapita Masaka, wanavuka ikweta pale Kayabwe, na wengi hupiga picha hapo miguu ikiwa imeshavimba. Hulala parokiani na mashuleni, wakipokewa na waamini wa njiani.

Mzee mmoja wa Karagwe alifika kwangu akiwa amevaa kandambili, viatu vyake vya Misa vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki visichafuke. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Nipe maji nisiyoyanywa." Nikachemsha, nikatia chumvi kwenye beseni, akaingiza miguu. Maji yalibadilika rangi mara tatu. Nilipomwuliza kwa nini hakuvaa viatu njiani, alinitazama kama niliyekosa akili: "Kizito alivaa nini?"

Ukiamua kutembea, anza mazoezi miezi miwili kabla, njoo na kikundi kinachotambuliwa na parokia yako, na soksi ziwe za pamba. Soksi mpya siku ya kwanza ni adui kuliko jua.

Hati gani zinahitajika mpakani?

Mkenya anaweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda kutoka Uhamiaji, viza hahitaji. Wa nchi nyingine aulize kabla ya kukata tiketi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, hata kama aliyetangulia atakwambia hakuulizwa. Yeye hakuulizwa, wewe utaulizwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto usikisahau, na kama mtoto si wako, barua ya wazazi wake.

Kiswahili kitanifikisha?

Kitakufikisha, ila polepole. Kisheria Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Mitaani ni habari nyingine. Kwa miaka mingi Waganda walikisikia kutoka kwa wanajeshi kwenye vizuizi, na wazee wengine wakisikia "simama hapo" bado wanashtuka. Usikichukulie kama dharau mtu akikujibu kwa Kiingereza. Anza na "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, sema "webale" ukishukuru, na utaona uso unafunguka. Boda boda wengi wa Kireka na Kyaliwajjala wanajua Kiswahili cha bei.

Saa tunahesabu sawa, hilo usihofu. Misa kuu huchanganya Kiingereza, Kiganda na lugha ya jimbo linaloongoza. Misa ya Kiswahili mara nyingi ni ile ambayo kikundi chenu kimeipanga na padre wenu, kwa hiyo padre wenu awasiliane mapema na uongozi wa basilika.

Pa kulala, na hela?

Wiki ya mwisho ya Mei kila chumba kati ya Kireka na Namugongo hupanda bei. Mwaka mmoja niliwalipia akina mama wanane wa parokia yetu ya zamani nyumba fulani ya wageni, jina nalihifadhi. Tukafika saa tatu usiku tukaambiwa vyumba wamepewa waliolipa zaidi. Wote wanane walilala sebuleni kwangu, kichwa kwa miguu kama dagaa. Tangu hapo nasema: lipia kiasi tu, pata risiti, piga simu siku mbili kabla. Au omba parokia yako iandikie parokia ya huku.

Hela badilisha kidogo mpakani, nyingine mjini. Sufuri za shilingi ya Uganda zitakuchanganya siku mbili za kwanza. Utalipa elfu tano ya ndizi na kujiona tajiri aliyeibiwa. Chakula hakina shida: matoke, maharage, na "rolex", ambayo si saa bali mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati.

Maji ya ziwani: tuchote, tunywe, tufanyeje?

Watu huchota, ndiyo. Utaona vidumu vya manjano vya lita tatu, vinauzwa njia nzima, na vingine vimeandikwa jina la mtu kwa kalamu ya wino mzito. Mahujaji huyapeleka nyumbani, wakanyunyizia wagonjwa, nyumba, hata ng'ombe.

Maoni yangu: chota, mpelekee padre ayabariki, yatumie kwa imani. Usinywe. Hilo ni ziwa la wazi, maelfu wamechovya mikono. Na mtu akikuambia maji hayo yanatosha mahali pa dawa za presha, mwambie Mtakatifu Kizito hajawahi kumkataza mtu kumeza kidonge. Nasema hivi kwa sababu nimemwona mgeni wangu mwenyewe akiacha dawa siku tatu, tukaishia naye wodini badala ya Misani.

Zaidi ya Namugongo niende wapi?

Munyonyo, kama una siku moja tu ya ziada. Ndipo safari ya mashahidi ilipoanzia na ndipo alipouawa Dionisi Ssebuggwawo, Mei 1886. Papa Fransisko alipita hapo Novemba 2015 kukutana na makatekista, na kesho yake akaadhimisha Misa Namugongo. Alikuwa papa wa tatu kufika, baada ya Paulo VI mwaka 1969 na Yohane Paulo II mwaka 1993. Wapo mahujaji wanaotembea kutoka Munyonyo hadi Namugongo, zaidi ya kilomita 20 kupita katikati ya Kampala na foleni zake. Msongamano ule nao ni toba.

Rubaga, kanisa kuu la jimbo, yuko Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka kaburini mwake. Ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kanisa la Kilatini, yaani la Roma, mwaka 1939. Ukitaka kuona alipotua Mapeera, nenda Kigungu ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Na Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka. Wengi hushangaa ninapowapeleka, kwa sababu ndipo alipozikwa Mwanga. Alipinduliwa, akarudi, akapigana na Waingereza, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa. Paa la nyasi la makaburi yale, ambalo liliungua mwaka 2010, ndilo umbo lile lile la basilika. Simama pale, kisha ukumbuke Namugongo. Mimi sina la kuongeza.

Mimi si Mkatoliki. Nitakaribishwa?

Sana. Waanglikana wana mahali pao Nakiyanja, hapo hapo Namugongo, mwendo mfupi kwa miguu, na tarehe 3 Juni wanasali kwao nasi kwetu, barabarani tunachanganyika. Waislamu nao wana historia yao hapo: miaka ya 1870, kabla ya Wakristo, Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu waliokataa kumtii mambo ya dini, na Namugongo wanakumbukwa msikitini. Dada wa Kiislamu kutoka Mombasa alikaa kwangu wiki nzima, akaenda kote kutatu.

Nibebe nini?

Mwavuli, kwa mvua na kwa jua. Mkeka. Sweta la usiku. Karatasi ya chooni. Simu ndogo isiyouma moyo ikiibwa. Kubwa acha nyumbani.

Nikipotezana na wenzangu je?

Utapotezana nao. Mtandao wa simu siku hiyo hujaa, ujumbe unafika saa sita baadaye. Kubalianeni mapema mahali pa kukutana, na msiseme "mlangoni", milango ni mingi. Andika namba ya simu ya kiongozi kwenye mkono wa mtoto na kwenye mkono wa bibi pia. Vipaza sauti hutangaza waliopotea kutwa nzima, na kwa kawaida ni bibi anayetangaza kwamba amepotelewa na kikundi kizima. Ukishindwa kabisa, panda boda boda, sema "Kireka", shuka stendi, uliza nyumba ya Mama wa Kagera. Chai huwa ipo mpaka saa tano usiku.